Neno Moja kwenye Ukuta wa Shangazi

9 Februari

Binti yangu Maswali,

Picha yako imefika bila mkunjo hata mmoja, posta siku hizi wamepata adabu. Mama yako ameiweka juu ya kabati la vyombo, na jirani akija kuomba chumvi lazima aitazame kwanza. Anasema umekonda. Mimi nasema koti ndilo limenenepa. Kilichonifurahisha zaidi ni ule mlango ulio nyuma yako. Aliyeandika kile kibao ni fundi kweli. Nafasi kati ya herufi amezipima kwa jicho, na S yake imekaa kitako, haiangukii mbele kama S za vijana wa siku hizi. Ukimwona mwambie fundi mwenzake anamsalimu.

Sisi wazima. Shangazi yako analalamikia magoti. Anasema kaunta ya duka imekuwa ndefu kuliko zamani, na anasubiri tu urudi na cheti chako cha famasia, uvae koti jeupe, yeye abaki nyumbani ainue miguu. Kila mteja anaambiwa habari hiyo, hata aliyekuja kununua plasta.

Sasa nije kwenye shida yangu. Simu usinitajie, maana nikiishika napiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na nikiikata nakuta nimesahau nililotaka kusema. Nimepata kazi ya ukuta. Ni mrefu, unatazama barabara. Mteja anataka neno moja tu, falsafa, liandikwe kwa lugha za Ulaya, kila lugha na rangi yake. Na wewe unanijua, siandiki neno nisilolijua maana. Niliwahi kukataa kibao cha wakili kwa sababu hakuna aliyeweza kunieleza neno lake la tatu, na wakili mwenyewe alikuwepo. Nikijua maana ndipo rangi inakuja. Wewe uko hukohuko kwenye lugha zao. Niulizie, uniletee neno pamoja na tumbo lake.

Najua masomo ya dawa yamekubana. Ukikosa nafasi sitakasirika.

Baba yako,
Fundi Mabango


24 Februari

Baba,

Shikamoo, na Mama mpelekee yake kabla hajaanza kusema siku hizi sisalimii. Sijakonda. Koti ni la kuazima, mwenyewe ana mabega.

Masomo yanaendelea. Hayo tuyaache.

Kuhusu neno lako una bahati, maana nina rafiki anayesoma falsafa. Nilimuuliza swali dogo tu, akaongea mpaka chakula kikaisha kantini. Ukimgusa hapo hanyamazi. Nakuandikia kama alivyonieleza.

Neno lilianzia kwa Wagiriki, filosofia. Nusu yake ni kupenda, kwa maana ya urafiki, na nusu yake ni hekima. Sasa ona adabu yao, Baba. Hawakusema mwenye hekima, walisema rafiki yake tu. Ni kama mtu anayesema mimi na tajiri huwa tunasalimiana. Basi neno likafunga mizigo likaanza kutembea. Waitalia na Wareno wanaliandika filosofia vilevile, Wafaransa na Wajerumani philosophie, Wapolandi filozofia. Warusi wanaliandika kwa herufi zao, nimekuchorea nyuma ya karatasi. Utaipenda ile ya kwanza, imesimama kama mtu aliyeshika kiuno. Na hata letu, falsafa, ni msafiri huyohuyo. Alipitia kwa Waarabu akabadilisha nguo.

Lakini wapo waliosema hatuazimi, tutashona letu. Waholanzi wanasema wijsbegeerte. Mwanzo wake ni hekima, ila mwisho wake si urafiki wa kusalimiana. Ni uchu, Baba, ni kiu. Waaislandi wanasema heimspeki, hekima ya ulimwengu. Wawelshi wanasema athroniaeth, ambalo limezaliwa na neno lao la mwalimu.

Rafiki yangu anasema siku alipolisikia lile la Waholanzi alisahau mwavuli darasani na hakugundua kwamba mvua inamnyeshea.

Maswali wako


15 Machi

Mwanangu,

Huyo rafiki yako mtunze. Sijapata kupewa maelekezo ya kazi namna hii tangu nishike brashi.

Nimeanza. Yale yaliyoazimwa nimeyapa bluu, zinapishana kidogo kidogo, maana ni ndugu wa baba mmoja. La Waholanzi nimelipiga nyekundu, mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, na mkia wa ile J nimeushusha mpaka karibu na msingi, kama mtu anayepapasa kitu kilichoangukia uvunguni. La Waaislandi lina kijani juu na udongo chini. La Wawelshi nimelichorea ubao mweusi kwanza, kisha nikaandika kwa nyeupe iliyokauka kidogo, ukipita mbali utadhani ni chaki. Ile herufi ya Kirusi nilipomaliza kuichora nikaitambua. Ni dada yangu akiwa mlangoni anauliza nilikuwa wapi.

Wapita njia wanaleta maneno. Nawaambia ukuta haujamaliza kusema, subirini.

Lakini huyo rafiki yako, wazazi wake wanasemaje? Wanajua anasoma hayo? Nauliza tu, kama mzazi. Mimi mwenyewe si mtu wa kumlaumu anayeshindwa kusema. Unajua Mama yako nilimposaje. Babu yako alikuwa na duka, akaniagiza kibao cha "Funga mlango". Nikamwandikia, na chini yake, kwa herufi za ukubwa wa njugu, nikaongeza "Naomba binti yako". Alikaa na kile kibao wiki nzima. Wateja wote walisoma kabla yake, na Mama yako alishakubali kabla mzee hajavaa miwani. Neno zito kwangu halitoki mdomoni, linatokea mkononi.

Basi mwambie rafiki yako kwamba kuna fundi mmoja huku anauliza. Na maneno mengine kama yapo, yalete. Nafasi bado ipo.

Baba


2 Aprili

Baba,

Mama aliniambia babu alisoma kile kibao siku ileile, akakaa kimya aone kama utapata ujasiri wa kuja kuketi. Sikuambii, umesikia kwa wengine.

Maneno mengine haya hapa. Zamani Warusi walikuwa na lyubomudriye, upenda-hekima wa kujishonea wenyewe, kabla ya lile la kuazima kuwazidi nguvu. Waslovenia wana la zamani, modroslovje, hekima iliyounganishwa na maneno. Wajerumani nao waliwahi kusema Weltweisheit, hekima ya dunia, halafu wakaliweka kabatini. Haya ya zamani usiyape rangi kali. Yape rangi ya kitu kilichokaa juani.

Kuhusu rafiki yangu, la, wazazi wake hawajui. Walimtuma kusoma kitu cha maana, kitu chenye kaunta. Mwaka wa kwanza alikisoma vizuri tu, hakufeli. Alikihama kwa sababu kingine kilimwita kwa nguvu zaidi, na sasa kila wiki anaanza barua ya kuwaambia, akifika mstari wa pili anaichana. Si kwamba anawaogopa. Anaogopa kwamba kuna mtu amemsubiri miaka mingi kwa upendo, na hajui utamwambiaje mtu kama huyo kwamba hutakaa pale alipokuwekea kiti.

Anauliza, je, mzazi anaweza kumsamehe mtoto aliyebadili njia bila kuaga?

Na mteja wako ni nani hasa? Mbona humtaji?

Maswali


20 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua, lakini leo nimefunga duka nusu saa kwa ajili yako. Watu wasubiri.

Nilikuwa kwa binamu yako aliyejifungua, nimebeba mjukuu mpaka mabega yakafa ganzi. Kabla sijaondoka nilimwambia baba yako aupake upya ukuta wa duka ule wa barabarani, aandike Duka la Dawa, aache na nafasi ya jina lako. Narudi, nakuta ukuta umejaa majina ya ajabu, nyekundu, bluu, kijani. Nikasimama, nikamuuliza hiki ni nini. Akababaika kama kawaida yake, akasema, "Dada, hayo ndiyo mambo anayosomea mtoto." Nikaelewa palepale. Dawa mpya za huko.

Mwanangu, umenipa heshima. Lile duka la ng'ambo ya barabara lina picha ya kidonge kimoja, nacho kimebabuka. Sisi tuna ukuta mzima, na hakuna anayeweza kuyasoma. Dawa ya kweli jina lake halisomeki, hilo nimelijua tangu nifungue hili duka.

Wateja wameanza kuulizia. Dereva wa lori anataka wijsbegeerte, anaamini ni ya kuongeza damu kwa vile ni nyekundu. Mshonaji nguo anaitaka hiyo ya kijani, heimspeki, kwa ajili ya tumbo. Mama mmoja kaja na mume wake, kaninong'oneza kama ile ya rangi iliyofifia ndiyo ya wanaume waliochoka. Wote nimewaambia bado hazijafika, utakuja nazo mwenyewe. Nimewaambia kwa kifua mbele.

Sasa niambie, kati ya hizo, ya magoti ni ipi?

Shangazi yako


6 Mei

Baba,

Shangazi ameniandikia. Niliisomea barua yake kwenye ngazi za bweni, na nilipofika kwa dereva wa lori nikacheka mpaka watu wakanizunguka kujua kama nimeumia. Nilipofika kwenye "kifua mbele" kicheko kikaisha.

Ukuta ule ni wa Shangazi. Miezi yote hii nilikuwa nakutumia maneno ya kuandika kwenye ukuta wa duka ninalosubiriwa mimi, na hukuniambia. Na umemwambia hayo ndiyo ninayosomea. Hukusema anayosomea rafiki yake. Ulisema mtoto.

Rafiki yangu hayupo, Baba. Nadhani unajua. Nataka kujua umejua tangu lini, na kama umenikasirikia, na kama Mama anajua, na sasa tunamfanyaje Shangazi na mshonaji na dereva na yule mume aliyechoka.

Binti yako


22 Mei

Mwanangu,

Nimejua tangu picha. Ukimtumia mchora mabango picha, usisimame mbele ya kibao. Watu wengine wataangalia uso wako. Mimi, Mungu anisamehe, niliangalia herufi kwanza, uso baadaye. Karibu na sikio lako palisomeka SOFIA. Mama yako akasema huyo ni rafiki mwenye chumba. Lakini fundi yule amelipanga neno katikati ya mlango, na upande wa kushoto, pale kilipokaa kichwa chako, palikuwa panadai herufi nne zaidi. Nikaenda kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma nikamuuliza ni neno gani linaishia hivyo. Akaniambia. Nikarudi nyumbani nikaiangalia picha upya, uso sasa. Ulikuwa unacheka kwa namna ambayo hujawahi kucheka mbele ya duka la dawa.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika siku nzima, nikaharibu kibao cha fundi viatu, nikaandika "vitau". Kilichoniuma si masomo. Iliniuma kwamba umeona mimi ni baba wa kuogopwa. Basi nikajitungia mteja. Mteja ni mimi. Nilitaka nikupe mlango uingie mwenyewe, ndiyo barua ya "rafiki" ikaja, na mwanangu, sijawahi kupata barua yako yenye furaha namna ile. Zile za dawa zilikuwa fupi kama maelekezo ya kwenye chupa. Nikamsomea Mama yako. Akasema, "Huyu rafiki anafanana na mtoto wetu sauti mpaka kikohozi." Kwa hiyo anajua. Kwa swali la rafiki yako, jibu ni ndiyo. Mzazi anasamehe, halafu anaomba aandikiwe zaidi.

Sasa dada. Nilikuwa na hesabu zangu. Nilifikiri nikiandika ukutani kwake, atauliza, na akiuliza nitakuwa nimeshasema nusu. Akauliza kweli. Alikuwa ameshika kiuno, ile herufi ya Kirusi imesimama nyuma yake vilevile, na ulimi wangu ukaingia ndani. Nikatoa maneno sita. Akayashika vibaya, akatabasamu, akaita majirani. Nimemwogopa dada yangu tangu sijaota meno, na sijaanza kumzoea.

Kila siku anavyowaahidi watu, ukweli unazidi kuwa mzigo. Mwandikie wewe. Ningeandika mimi, lakini umeona jinsi vibao vyangu vinavyosomwa.

Baba


7 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuomba ukae kwanza, na ulifunge duka tena hiyo nusu saa.

Ukutani hakuna dawa. Ni neno moja, falsafa, limeandikwa kwa lugha nyingi za Ulaya. Hilo ndilo ninalosoma. Famasia niliiacha baada ya mwaka wa kwanza, na sikukwambia. Baba hakukudanganya, alisema kweli nusu, na nusu nyingine ilikuwa yangu.

Nataka nikueleze ilivyotokea, kwa sababu ilianzia kwako. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanikalisha kwenye kreti la soda nyuma ya kaunta. Siku moja ulimpa mzee dawa ya jino, nikakuuliza, "Shangazi, dawa inajuaje pale panapouma?" Ukaniambia kamuulize mwalimu. Mwalimu akasema waulize madaktari. Swali lile nimelibeba mpaka huku. Mwaka wa kwanza nikamuuliza mhadhiri wa famasia, akanijibu vizuri. Akasema haijui. Inakwenda mwilini kote na damu, na pale inapohitajika ndipo inafanya kazi. Nikafurahi siku moja. Kesho yake nikarudi nikamuuliza, basi kujua ni nini, na sisi tunaosema tunajua tuna tofauti gani na kidonge? Alicheka, hakunibeza. Akanionyesha mlango wa mwisho wa korido. Nikaenda kuuliza tu, Shangazi. Sijatoka mpaka leo.

Najua ulilonitakia. Kiti nyuma ya kaunta, koti jeupe, watu waniite daktari hata kama si daktari. Ulinitakia kabla sijaweza kufunga viatu. Sikukiacha kwa kukidharau. Kila nikifikiria umewaambia watu kwa kifua mbele, naona aibu, na nakupenda, vyote pamoja. Ukitaka Baba aufute ukuta, ni haki yako. Ukitaka nije niwaambie mshonaji na dereva mwenyewe, nitakuja. Nisichoweza ni kukudanganya tena, na kurudi kwenye famasia.

Ya magoti sinayo.

Maswali


30 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumanne. Najua kwa sababu duka lilifungwa mchana kutwa, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya baba yetu.

Dada hasemi na mimi. Si kwamba ananitukana, hilo ningelizoea. Ananipita. Jana nilimsalimia dukani akawaambia wateja, "Kuna sauti nimesikia, labda ni redio." Mama yako alikwenda kumwona, wakakaa muda mrefu. Nilipomuuliza walisema nini, aliniambia nami niandike ukutani nijibiwe.

Wateja wameambiwa, kila mmoja peke yake, kwenye kaunta. Alitoka na ukweli mwenyewe, hakumtuma mtu. Dereva nasikia alikuna kichwa akauliza kama basi hiyo tamaa ya hekima inaongeza damu au haiongezi. Sijui alijibiwa nini.

Leo asubuhi kamtuma mshonaji aniambie nipeleke ngazi, rangi nyeupe na brashi kubwa. Umesikia, brashi kubwa. Nimechanganya rangi, imekaa kwenye debe hapa mlangoni. Mama yako anasema niende, mimi nasema nimalize barua hii kwanza. Nimewahi kufuta vibao vya maduka yaliyofungwa na vya watu walioachana. Lakini ile J, mwanangu. Sidhani kama nitaweza kuchora nyingine kama ile.

Naenda. Nikipona nitakuandikia.

Baba


14 Julai

Binti wa kaka yangu,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Hasira nilikuwa nayo, na usidhani imekwisha. Naitoa kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi, kijiko jioni, na chupa bado ina kitu.

Hukunikosea kwa kuacha famasia. Ulinikosea kwa kuniacha nijisifu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ninayeuza dawa nimefichwa maradhi na watoto wangu wawili, wewe na huyo mwingine mwenye mvi. Hilo nimelisema, sitalirudia isipokuwa utakapokuja, na kwenye harusi yako.

Sasa nikwambie yaliyotokea. Dukani nimemwajiri binti mmoja mwenye cheti, amemaliza chuo mwaka huu. Ni safi, ana mikono myepesi, dawa zote anazijua. Magoti yangu sasa yanakaa juu ya stuli kama nilivyotaka. Lakini mwanangu, huyu binti haulizi kitu. Mteja anaingia, anapewa, anatoka. Siku ya tatu nikajikuta nimekaa palepale nasikiliza kimya, na nikagundua kwamba miaka yote nilipokuwa nakusubiri sikuwa nasubiri mtu wa kushika dawa. Nilitamani zile kelele za kwenye kreti. Nilizivika koti jeupe kwa sababu ndilo vazi pekee nililolijua.

Halafu wateja. Nilipowaambia si dawa nilidhani watacheka waende zao. Walicheka, ila hawakuenda. Yule mshonaji akaniuliza, kama si ya tumbo basi ni ya nini? Nikamsomea ulivyomwandikia baba yako, maana Mama yako alinipa zile barua. Sasa kila siku yupo mtu ananing'ang'ania nimweleze. Waholanzi wamegawa mtaa. Nusu wanasema ukitamani hekima kwa uchu utaishia kiburi, nusu wanasema urafiki wa kusalimiana tu ni uvivu. Dereva yuko upande wa uchu. Juzi alichelewa safari kwa ubishi. Mume aliyechoka amechagua lile la Wawelshi na hajachoka tena, au kama amechoka anachokea kwingine.

Baba yako alikuja na debe lake la rangi, uso kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Nilimwacha apande ngazi kwanza. Nilitaka aumie kidogo. Alipofika juu nikamwambia teremka, kazi yako iko chini. Apake nyeupe mstari mrefu chini ya kila neno, aandike maana kwa Kiswahili, maana koo langu limekauka kwa kueleza. Alikaa kwenye ngazi akalia, mtu mzima. Nikamwambia kuna sauti nasikia, labda ni redio. Basi tukacheka wote wawili, na tumeshasemezana.

Falsafa yenyewe, ile yetu, nimemkataza kuiandika. Nimemwonyesha mahali pa kuacha wazi. Pako chini kabisa karibu na mlango, kimo cha mtoto aliyekaa kwenye kreti la soda. Kreti lipo, sikulitupa. Ukija likizo utakaa hapo, utaandika kwa mkono wako, na watu watakuuliza nawe utawauliza. Juzi mzee mmoja alinunua dawa ya jino akaniuliza, hivi hii inajuaje pale panapouma? Nilitaka kumwambia akamuulize mwalimu. Nikamwambia mwalimu anakuja Desemba.

Ukuta wote nimeupitia mara mbili kwa miwani. Kweli hakuna la magoti. Ukija leta mafuta ya kuchua.

Shangazi yako,
mwenye ukuta